Huduma Iliyokoma Mpakani: Wafanyakazi wa Muda na Diakonia nchini Ujerumani

Tarehe 10 Septemba 1964 treni iliyobeba wafanyakazi kutoka Hispania na Ureno iliingia katika kituo cha Köln-Deutz. Wawakilishi wa waajiri walikuwa wakiingoja pamoja na wapiga picha, wapiga muziki na pikipiki ndogo mpya. Jina walilokuwa wameliteua katika orodha ya wasafiri lilikuwa la Armando Rodrigues de Sá, seremala wa Kireno, aliyehesabiwa kuwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Aliposikia jina lake likiitwa katika kipaza sauti alishikwa na hofu, akidhani kwamba atarudishwa kwao. Akapewa maua na pikipiki, akapigwa picha. Picha hiyo ingali ikichapishwa katika vitabu vya historia. Sisi twataka kuyatazama yaliyompata baadaye, kwa kuwa yanaigusa diakonia ya Kanisa.

Yafaa tukumbuke jinsi mambo yalivyoanza. Ujerumani ya Magharibi ilifanya mapatano ya kuajiri watu na Italia mwaka 1955, kisha na Hispania na Ugiriki mwaka 1960, Uturuki mwaka 1961, na Ureno mwaka 1964. Nia ilikuwa watu waje, wafanye kazi, warudi. Waturuki waliwekewa kikomo cha miaka miwili, lakini kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1964, maana waajiri hawakupenda kuwapoteza watu waliokwisha kuwafundisha kazi. Vyama vya wafanyakazi navyo vilidai tangu mwanzo kwamba mgeni alipwe ujira sawa na mwenyeji na aingie katika bima zilezile. Tusidhani kwamba huo ulikuwa upendo mtupu. Vilichelea ujira wa wenyeji usije ukashushwa. Hata hivyo haki ilipatikana.

Ilibaki huduma ya kila siku. Nani atamwongoza mtu asiyejua lugha, anayelala katika bweni la kiwanda, aliyeumia mkono au aliyepokea barua ya serikali asiyoweza kuisoma? Serikali ilitoa ruzuku, na mashirika ya huduma yakagawana watu. Waitalia, Wahispania na Wareno waliwekwa chini ya Caritas ya Kanisa Katoliki. Wagiriki walipewa Diakonia ya Kanisa la Kiinjili. Waturuki walikwenda kwa Arbeiterwohlfahrt, shirika lililozaliwa katika harakati za wafanyakazi, lisilo la dini. Washauri waliajiriwa ambao mara nyingi walikuwa wenyeji wa nchi walikotoka wafanyakazi wenyewe, hata mtu aliweza kueleza shida yake kwa lugha ya mama yake. Hapo serikali, makanisa, waajiri na vyama vya wafanyakazi walishika kila mmoja sehemu yake, na mamia ya maelfu ya watu walisaidiwa.

Lakini ugawaji huo unatuachia maswali. Wagiriki walikuwa Waorthodoksi, wala si Waprotestanti, na Diakonia iliwapokea bila shida. Ikiwa mpaka wa madhehebu uliweza kuvukwa, kwa nini Mturuki Mwislamu hakuhesabiwa kuwa jirani aliyelala mlangoni petu? Tena mfanyakazi mwenyewe hakuulizwa. Agosti 1973 wafanyakazi, wengi wao Waturuki, waligoma katika kiwanda cha Ford mjini Köln baada ya wenzao waliochelewa kurudi kutoka likizo kufukuzwa kazi. Uongozi wa chama chao haukuwaunga mkono. Miezi mitatu baadaye serikali ilisimamisha uajiri. Kwa makadirio yanayotajwa sana, watu milioni 14 hivi walikuwa wamekuja tangu 1955, na milioni 11 hivi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ni hao walioondoka ambao hakuna aliyepangiwa kuwahudumia. Rodrigues aliugua, akabaki kwao Ureno. Michango yake ya uzeeni alikuwa ameichukua, na akiba yake ikaishia katika matibabu ya saratani. Hakujua kwamba alikuwa na haki ya kulipwa na bima ya Ujerumani kwa ugonjwa wake. Alifariki mwaka 1979. Pikipiki yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bonn.

Mwaka huohuo wa 1979 Ujerumani ya Mashariki ilifanya mapatano na jirani zetu wa Msumbiji. Hapo hapakuwa na mashirika ya kugawana watu. Dola ndiyo iliyoshika yote. Mwanamke aliyepata mimba alilazimika kuitoa au kurudishwa kwao. Katika miaka ya 1980 Mchungaji Almuth Berger na wenzake walifungua mjini Berlin mahali pa kukutania palipoitwa Cabana, wageni na wenyeji wakaketi meza moja bila kibali cha kiwanda. Mwaka 1990 Berger alikabidhiwa na serikali dhamana ya masuala ya wageni. Walakini wakati huo wengi wa Wamsumbiji walikuwa wakipandishwa ndege kurudi kwao. Sehemu ya mishahara yao iliyokatwa ili walipwe nyumbani wengi hawakuipata, au walipata kidogo, na kwa miaka mingi wameandamana Maputo wakiidai.

Wachungaji wengi kati yetu wameandikia vijana barua za utambulisho waendapo Oman na kwingineko Ghuba kwa kazi za nyumbani. Dayosisi zetu zina sharika rafiki Ulaya, nazo huandikiana kuhusu visima, shule na mabati. Twaona kwamba barua hizo zingeweza pia kuuliza habari za bima na mafao ya mtu aliyerejea kijijini akiwa mgonjwa, na kwamba anayeondoka aelezwe, kabla ya kusafiri, karatasi zipi azitunze.