Mwaka wa Makunduchi

Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu wana mwaka wao usiofuata Januari wala Muharam. Ni Nairuzi, hesabu ya jua iliyotoka Uajemi ikaenea na mabaharia: siku 365 kamili, zikihesabiwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo 36 ikitimia zinabaki siku tano, ndizo gatha, kisha mwaka unakogwa.

Mwezi mwandamo hutosha kwa funga na hija, lakini nahodha haumfai, maana mfungo huohuo huangukia mara kusi, mara kaskazi. Mwongo ndio uliomwambia atweke lini, na mkulima apande lini. Ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, naye alitaja misimu ya safari kwa siku za Nairuzi. Waajemi wenyewe walirekebisha kalenda yao mwaka 1079, Nairuzi yao ikatulia Machi. Ya pwani ikaachwa ilivyo, haina siku ya nyongeza, basi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Leo huangukia Julai. Zama za masultani wa mwanzo ilikuwa Agosti.

Siku ya mwaka ikifika, asubuhi watu huenda kuoga baharini. Halafu uwanjani, pande mbili za mji hupigana kwa migomba: wanaume waliojivika manguo mazito, wengine kichekesho kitupu, wakitandikana hadi vinyongo vya mwaka mzima viishe. Anayeondoka bado amenuna ndiye aliyeshindwa. Wanawake hawashiki mgomba, ila kwa maoni yangu wao ndio wanaopiga kweli, kwa nyimbo za Kikae, lahaja ya huko, zenye matusi na mafumbo ambayo siku nyingine yangeleta kesi kwa sheha. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, mtu akiwa ndani, naye huchopoka mbio. Wazee husema hiyo ni kinga: nyumba ikiungua mwaka huo, isiue mtu. Moshi nao hutazamwa unaelekea wapi.

Lamu na Mombasa nako iliadhimishwa Siku ya Mwaka, ng'ombe akizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa. Makunduchi sasa kuna viongozi, vipaza sauti na watalii wenye kamera, na vijana wanaoweza kukutajia mwongo wa leo ni wachache mno. Chakula lakini hakijapungua. Mwenyeji asiye na mgeni siku hiyo huona mkosi, kwa hiyo ukipita mlangoni utavutwa ndani kwanza, jina utaulizwa ukishashiba.