Kutoka Barua ya S.L.P. Hadi Kodi ya Siri Kwenye Simu: Historia ya Presha ya Kusubiri Chuo Bongo

Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba, kitaani unajua kabisa ni nyumba gani ina mtoto aliyemaliza kidato cha sita. Mama anauliza "imetoka?" kabla hata ya salamu. Baba anajifanya hana habari, ila usiku watu wakishalala anaomba aonyeshwe simu. Mtoto mwenyewe ana bando la kuungaunga na anafungua ukurasa uleule mara hamsini kwa siku. Wengi wanadhani presha hii imeletwa na mitandao. Wadau, presha hii ni ya babu zetu. Aliyebadilika ni yule anayeshika jibu.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyefaulu vizuri macho yake yalikuwa Makerere, Uganda, ambayo ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na kufika 1949 ikawa inatoa digrii za Chuo Kikuu cha London. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma hapo kuanzia 1943 hadi 1945. Ukichaguliwa unapanda treni hadi Mwanza, halafu meli, unavuka ziwa zima kwenda kusoma.

Jibu lilikuja kwa barua, na barua haikuja nyumbani. Nyumbani hakukuwa na sanduku la posta. Ilifika kwa S.L.P. ya shule, ya misheni au ya bomani, imeandikwa Kiingereza. Kwa hiyo mzazi wa kijijini hakuwahi kusoma majibu ya mwanawe. Alisomewa na mwalimu, padri au karani, na ilibidi amwangalie usoni msomaji ili ajue kama ni habari njema kabla hajafafanuliwa. Barua ikichelewa wiki tatu hakuna wa kumuuliza. Unasubiri tu.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Dar es Salaam ikapata chuo chake. Kilianza kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha Sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Grupu la WhatsApp la darasa lako la fom six lina watu wengi kuliko chuo kizima cha wakati ule! Mwaka 1963 Dar, Nairobi na Makerere wakaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hapo ikawa stori nyingine: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Barua moja ilikuambia umepata au umekosa, na pia utaishi nchi gani. Dar walihamia Mlimani 1964, na 1970 muungano wa vyuo hivyo ukavunjika, kila nchi ikabaki na chake.

Enzi hizo hela haikuwa kichwa cha habari. Serikali ndiyo iliyolipa, na kwa sababu ililipa, ndiyo iliyopanga. Nchi ilikuwa inahesabu inahitaji wahandisi wangapi, walimu wangapi, madaktari wangapi, na ukimaliza unaitumikia kwanza serikali kwa miaka kadhaa. Leo tungeita kukosa uhuru. Kwa mzazi wa 1965 ilikuwa neema tupu, maana jina la mtoto likitoka tu, mambo mengine yote yamekwisha.

Au hivyo ndivyo walivyodhani, mpaka Oktoba 1966. Serikali ilitangaza kwamba wasomi lazima wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na katika kipindi hicho sehemu kubwa ya mshahara ingekatwa. Wanafunzi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba wakaandamana hadi Ikulu. Mwalimu akawasikiliza, kisha akawarudisha nyumbani wote walioandamana, karibu watu 400. (Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza na mshahara wake mwenyewe, maana wanafunzi walikuwa wamewasema wakubwa kuhusu mishahara yao.) Sasa mfikirie yule mzazi aliyesomewa barua na padri. Kijiji kizima kilishajua mwanawe yuko chuo kikuu, ng'ombe alishachinjwa. Halafu mtoto anashuka kwenye basi na sanduku lake, na mbele yake hakuna tarehe ya kurudi. Wengi walikuja kurudishwa mwaka uliofuata, ila miezi ile ya katikati familia zilisubiri chuo kwa mara ya pili, na safari hii zikiwa na aibu juu yake.

Kipindi kirefu kuliko vyote kilianza Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Ukitoka kidato cha sita, marufuku kwenda chuo moja kwa moja. Unakwenda JKT mwaka mmoja, halafu unafanya kazi angalau miaka miwili, ndipo unaomba. Na unapoomba, vyeti vyako havitoshi. Mwajiri anakuandikia maoni, tawi la chama nalo linaandika lake. Darasani ulikuwa vipi ni jambo moja. Tabia yako, utii wako na kujituma kwako ni jambo jingine, na la pili hili halina mtihani wa kusahihisha.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Walikuwa wanamkimbia msomi anayetoka shule kwenda shule kwenda ofisini bila kujua jembe linashikwaje. Shida ni kwamba jibu lilihama kutoka kwenye karatasi ya mtihani likaenda kukaa kwa watu. Bosi wako kazini ndiye mwenye kalamu. Mwenyekiti wa tawi ndiye mwenye muhuri. Kijana wa miaka 21 anajua kabisa kwamba akijibu vibaya kwenye kikao kimoja cha mtaani, sentensi moja kwenye fomu inaweza kumkalisha kitako. Mzazi naye alijifunza kusalimia. Nyumba ya mwenyekiti haikupitwa bila hodi, na kwenye misiba ya wakubwa wa tawi mzazi mwenye mtoto anayesubiri alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

Waliolipa bei kubwa zaidi walikuwa mabinti. Miaka mitatu ya kusubiri kwa kijana wa kiume ilikuwa miaka mitatu ya kusubiri. Kwa binti ilikuwa miaka ambayo posa zinaingia, mashangazi wanaanza vikao, na anayesema "mwacheni asubiri chuo" anaulizwa chuo gani, mbona hakiiti? Idadi ya wanawake wanaoingia chuo kikuu ikashuka mpaka serikali yenyewe ikashtuka. Haikupita miaka mingi wasichana wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza, na miaka ya 1980 sharti lenyewe likaondoka na kwa wavulana. Waliokwisha kuolewa wakiwa wanasubiri, hakuna aliyewaita tena. Leo ni bibi zetu. Kama una bibi aliyemaliza fom six miaka ile na hakwenda chuo, muulize vizuri. Usije ukadhani alifeli.

Miaka ya 1990 kila kitu kikageuka kwa haraka. Serikali ikaanza kusema wazazi wachangie gharama. Vyuo binafsi vikaruhusiwa. Chuo Kikuu Huria kikaanza kupokea wanafunzi 1994, mwaka uleule ambao JKT ya lazima ilisimamishwa. Nafasi zikaongezeka, na kila chuo kikawa na fomu yake, ada yake ya fomu na tarehe yake. Unaomba vyuo vinne, unatuma bahasha nne. Mwenye akili na nauli anapata vyuo vitatu, mwenzake anakosa vyote, na zile nafasi mbili anazoziacha yule wa kwanza zinajulikana wazi masomo yakiwa yameshaanza.

Majina yalibandikwa kwenye mbao za matangazo chuoni. Wa Songea au Bukoba atayaonaje? Hapo ndipo kila ukoo ulipokuwa na yule ndugu wa Dar. Alipanda daladala hadi Mwenge, akaingia nyingine hadi Mlimani, akasukumana na watu mbele ya ubao, kidole kikishuka kwenye karatasi jina kwa jina. Kisha akatafuta simu. Mkoani watu wamekaa kwa jirani mwenye simu ya mezani tangu saa nne asubuhi, wanakunywa chai ya watu huku hakuna anayeongea. Na kulikuwa na ndugu waliokosea! Ukifanana majina matatu na mtu mwingine, ukoo unaweza kusherehekea wiki nzima kwa mafanikio ya mtoto wa watu.

Sheria ya vyuo vikuu ya 2005 ikaleta TCU, na 2010 ukaja mfumo wa udahili wa pamoja. Fomu moja, kwenye intaneti, kozi zako kwa mpangilio, kompyuta inapanga nani aende wapi. Ilikuwa nzuri kwa yule wa bahasha nne. Ila sasa jibu likawa kwenye mashine, na huwezi kumsalimia mashine. Watoto wakajikuta wamepangiwa chuo mkoa ambao hawajawahi kufika, kozi ambayo waliiweka mwisho kujaza nafasi tu. Malalamiko yakawa mengi, na 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, akataka TCU iache kuwachagulia watu vyuo. Tangu hapo mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa zaidi ya kimoja anatumiwa kodi ya siri ya kuthibitisha anakotaka.

Kodi ndogo tu ya kwenye simu, lakini imeliza watu. Sababu ni steshenari. Vijana wengi hawana kompyuta, kwa hiyo maombi yanafanyikia pale mtaani, kati ya mashine ya fotokopi na picha za pasipoti. Kaka wa steshenari ana haraka, foleni ni ndefu, anaandika namba ya simu iliyo karibu, mara nyingine yake mwenyewe. Baada ya mwezi kodi inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata hakumbuki sura yako. Ongeza na hii: JKT ya mujibu wa sheria ilirudi 2013, kwa hiyo matokeo yanapotoka wapo walioko kambini, wanakimbia mchakamchaka, na anayehangaika na nywila ni mama yao ambaye Facebook yenyewe alifunguliwa na mpwa wake.

Hata hivyo, ukweli usemwe. Kupata chuo leo si mlima ule wa mwaka 1961. Mwenye principal pass mbili na pointi zinazotakiwa, akikosa hapa atajaribu pale, awamu ya kwanza ikipita kuna ya pili. Usingizi unaopotea siku hizi unapotelea mlango wa pembeni: Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005.

Angalia safari ya fomu ya mkopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa asaini na kugonga muhuri. Mdhamini apatikane, na atoe kitambulisho chake bila kuuliza maswali mengi. Kamishna wa viapo naye ana bei yake. Mzazi anajikuta analazimika kuthibitisha kwa maandishi, mbele ya majirani, kwamba hana uwezo. Kuna mababa ambao hawajawahi kutamka neno hilo maisha yao yote, na wanalitamka kwa mara ya kwanza ofisi ya mtaa, mtoto akiwa amesimama pembeni.

Halafu majina yanatoka kwa awamu, mara nyingi Oktoba, vyuo vinakaribia kufunguliwa au geti limeshafunguliwa. Na jibu lenyewe siku hizi halisemi ndiyo au hapana. Linakuja na kiasi. Unaweza kupewa hela ya chakula na malazi, ada ukapewa nusu, au usipewe kabisa. Mzazi wa 1965 alisubiri neno moja. Wa leo anasubiri hesabu, na hesabu ikija pungufu anaanza kutembeza macho ndani: kiwanja kile, mbuzi wale, cherehani ya mama, VICOBA. Barua ya chuo ipo kabatini, imelaminishwa kabisa, na mwenye barua bado yuko nyumbani.

Wengine wanaomba kuahirisha mwaka. Wengine wanakwenda hivyohivyo, na nauli ya kwenda tu, wakitegemea dirisha la rufaa ambalo hufunguliwa wakati wenzao wameshaanza masomo. Hosteli hawana, kwa hiyo wanapokelewa na rafiki waliyesoma naye Advance. Kitanda cha mtu mmoja wanalala wawili, wenyewe wanaita kubebana. Asubuhi mmoja anawahi lekcha, mwingine anawahi foleni kwenye dawati la mikopo, na mama yake kule mkoani anapiga simu saa moja kasoro kuuliza, "imetoka?"