Mpini Uliofungwa kwa Mpira

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii hata tukiwa tumeketi ndani ya ndege na mikanda tumekwisha kuifunga, nalo ni namna mafuta yanavyoingia na kutoka katika matangi ya ndege. Usibadilishe stesheni. Utaona kwamba habari hii inatuhusu sisi tunaosafiri, na sisi tunaolalamika ndege inapochelewa.

Naanzia nyumbani, Tarime. Katika miaka ya themanini petroli ilikuwa adimu kama dhahabu ya Nyamongo. Mjomba wangu alikuwa na Land Rover kuukuu, na uani kwake kulikuwa na pipa moja alilolitunza kuliko alivyotunza ng'ombe. Kutoa mafuta mle alitumia mpira wa maji: ncha moja ndani ya pipa, nyingine mdomoni. Alivuta mara moja, akaielekeza ncha ndani ya dumu lililokuwa chini, na petroli ikatiririka yenyewe. Siku moja nilijaribu mimi. Nilivuta kwa pupa nikameza funda zima, nikatapika hadi machozi yakanitoka. Mjomba aliuchukua ule mpira, akauinua juu ya pipa, mafuta yakakoma. Akaniambia, "Wewe mura, mafuta hayana haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Siku ile sikujua kwamba nimefundishwa nusu ya elimu ya kujaza na kunyonya mafuta ya ndege. Mafuta husukumwa na presha au huvutwa na presha, na kazi ya mwanadamu ni kuhakikisha kwamba presha hiyo haizidi kipimo, na kwamba mkono wa kuikata upo karibu.

Turudi nyuma kidogo katika historia. Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za kila wiki kati ya London na Mwanza. Kwa hiyo wazee wetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walisikia ngurumo ya ndege mapema. Zama hizo mafuta yalisafirishwa kwa mapipa na madebe. Lile debe tunalopimia mahindi katika soko la Tarime ni mtoto wa debe la mafuta la galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mtu alipanda juu ya bawa, mwenzake akapampu kwa mkono, na mafuta yakapita katika ngozi laini inayopitisha petroli na kuzuia maji, kisha yakashuka ndani ya tangi kwa uzito wake yenyewe.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa ndege ndogo zilizofika Serengeti baadaye. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Ujerumani na ndege yao aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia kama pundamilia, wakaweka kambi Banagi na mwaka 1958 wakahesabu wanyama kutoka angani. Michael alikufa katika ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai. Ndege za namna ile hujazwa kwa juu, katika tundu la bawa, na anayejaza hutazama kwa macho yake jinsi mafuta yanavyopanda.

Mimi mwenyewe niliwahi kuishika pampu ya mkono. Mwaka 2003, nikiwa mwandishi kijana, nilikwenda kiwanja kimoja kidogo cha vumbi ndani ya hifadhi kutafuta habari za watalii. Mzee aliyekuwa akijaza mafuta alinikabidhi mpini akisema waandishi hatuzoei kazi. Nilizungusha kwa dakika chache, mara mpini ukawa mzito. Nikaongeza nguvu. Mzee akanishika mkono: "Acha, mwanangu. Ukiona unakataa, uliza kwanza." Kumbe chujio lilikuwa limeshika uchafu. Pampu ya mkono ina wema huo. Presha inapopanda, mwenye kupampu huisikia begani kabla bomba halijapasuka.

Ndege za jeti ziliuondoa wema huo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti duniani, kutoka London hadi Johannesburg. Njiani ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Livingstone, na pia Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu. Matangi yake yalibeba zaidi ya lita 25,000 za mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Piga hesabu, msikilizaji: hayo si chini ya madebe 1,300. Kama yangemiminwa kwa juu kwa mtindo wa zamani, abiria wangekaa kiwanjani saa nyingi, na faida yote ya mwendo wa jeti ingeishia hapo chini.

Ndipo Comet ikatengenezwa kujazwa kwa chini ya bawa kwa presha. Mitambo hiyo ilitoka katika kampuni ya Flight Refuelling, iliyoanzishwa mwaka 1934 na Sir Alan Cobham. Huyu ndiye rubani aliyeruka kutoka London hadi Cape Town na kurudi katika miaka ya 1925 na 1926, enzi za madebe. Bila shaka aliyajua vizuri mateso ya kungojea mafuta juani.

Mdomo wa bomba hufungwa kwa nguvu chini ya bawa, pampu ya boza husukuma, na lita mamia kadhaa huingia kwa dakika moja. Hakuna tena mtu wa kuchungulia tundu, wala bega la kusikia uzito. Kwa hiyo wahandisi walilazimika kubuni vifaa vya kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na jicho na bega.

Nieleze kwa kipimo cha mtaani. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba. Presha ya mafuta mdomoni mwa bomba la ndege kwa kawaida huwekewa ukomo wa paundi 50. Utasema tofauti ni ndogo. Lakini gurudumu limeundwa kubana presha, na tangi la bawa halikuundwa hivyo. Limeundwa kubeba mafuta huku tundu la hewa likiwa wazi. Paundi 1 tu kwa inchi ya mraba, ikisukuma eneo la mita 1 ya mraba, ni sawa na uzito wa kilo 700 hivi. Paundi 50 kwa eneo hilo hilo ni tani 35. Bati la bawa likikutana na nguvu ya namna hiyo litatanuka na kupasuka.

Kwa sababu hiyo kuna vali mwishoni mwa bomba inayopunguza presha inapopanda. Ndani ya tangi kuna vali nyingine inayofunga mafuta yanapofika juu. Tena kuna hatari ya mshtuko. Ukifunga ghafla bomba la maji nyumbani utasikia mabomba yakigonga ukutani, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakikimbia yamezuiwa mara moja. Mafuta yakizuiwa hivyo, presha yaweza kuruka mara mbili na zaidi kwa nukta moja. Ndiyo maana vali hizo hufungwa kwa utaratibu, si kwa kishindo. Na kwa kuwa mafuta yanayokimbia katika chujio huzaa umeme, boza na ndege huunganishwa kwanza kwa waya, ili cheche isipate nafasi.

Kuyatoa mafuta nako kuna sheria zake. Pengine ndege ina hitilafu katika tangi, au imejazwa kupita uzito unaoruhusiwa. Hapo boza hunyonya, kama mjomba alivyonyonya. Ukinyonya kwa nguvu mno, bomba hujikunja na kubanana, au mafuta hugeuka mvuke ndani yake na pampu ikabaki kuvuta hewa. Sisi tunaoishi miinuko kama ya Tarime tuna hasara zaidi, kwani hewa ya juu ni nyepesi na nguvu yake ya kusukuma mafuta ni ndogo kuliko ya pwani. Aidha matangi hayanyonywi ovyo, upande mmoja ukauacha mwingine, maana ndege yaweza kuinama au kukalia mkia. Na mafuta yaliyotoka katika ndege moja hayamiminwi katika nyingine kabla ya kupimwa.

Sasa nakuja kwenye kifaa kimoja ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ni mpini mdogo wenye waya au mpira mrefu, ambao mjazaji huubana mkononi muda wote mafuta yanapopita. Akiuachia, mafuta hukatika. Wazo hili lilitumika zamani katika treni, na kwa Kiingereza mpini huo una jina la kutisha: mpini wa maiti. Maana yake ni kwamba mwenye kuushika akizimia, akikimbia moto au akifa, mtambo utasimama wenyewe. Baada ya mashine kumpokonya mwanadamu kazi ya kusukuma, mpini huo ulimrudisha. Ni lazima awepo mtu, awe macho, na awe amekubali kwa mkono wake kwamba mafuta yaendelee.

Mwaka 2009 nilikuwa katika ukumbi wa kusubiri wa kiwanja kimoja cha ndege nchini. Nilikuwa nawahi msiba nyumbani, na ndege ilikuwa imechelewa. Tulikuwa abiria wengi, na sote tulikuwa wakali. Mimi, kwa kiherehere cha uandishi, niliongoza kelele. Niliuliza kwa sauti kama hao wanaojaza mafuta wanatumia vijiko.

Kupitia kioo nilimwona kijana wa boza. Alitoa kipande cha mpira wa tyubu mfukoni, akaufunga ule mpini ukabanika wenyewe, kisha akaenda kuketi kivulini nyuma ya gari. Sikujua maana yake. Baada ya muda nikaona mafuta yakichuruzika kutoka tundu la hewa chini ya bawa, halafu yakamwagika kama maji ya mfereji. Mtu mmoja alikimbia akakifungua kile kipande, mafuta yakakoma. Hapakuwa na moto, wala hakuumia mtu. Tuliondoka saa 2 baadaye, na mazishi sikuyawahi.

Majuma kadhaa baadaye nilipita pale nikamtafuta yule kijana. Hakukataa. Alisema, "Kaka, mkono wa binadamu unachoka. Nilikuwa peke yangu tangu usiku, na kila ndege mnasema haraka." Alinyoosha vidole vyake, vikawa vinatetemeka kidogo. Niliirekodi sauti yake. Sikuitangaza. Nilijiambia kwamba nitamponza kibarua chake, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilijua nani alikuwa akipiga kelele nyuma ya kioo.

Wasikilizaji watasema ajali haina kinga. Tarehe 5 Septemba 2001, katika kiwanja cha Denver huko Marekani, Boeing 777 ya British Airways ilikuwa ikijazwa mafuta. Kiunganisho cha bomba chini ya bawa kilivunjika, mafuta yakaruka kwa presha, moto ukawaka. Waliokuwa ndani ya ndege walitoka salama. Aliyekuwa akijaza mafuta aliungua, na siku chache baadaye akafariki. Sisi abiria huiogopa ndege ikiwa angani. Siku ile mtu pekee aliyepoteza maisha alikuwa amesimama ardhini na bomba lake. Kinga huwa zipo, nyingi tu. Nyingine ni chuma, nyingine ni mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Leo mkoa wetu unazidi kupokea ndege. Watalii hushuka katika kiwanja cha Magena, Tarime, na katika viwanja vya vumbi vya Serengeti, wengi wao kwa ndege aina ya Cessna Caravan zinazojazwa kwa juu kama zamani. Kule Mwanza, ndege kubwa kama ATR hujazwa kwa presha. Viwanja vikikua, maboza yatafuata, na vijana wetu wa Mugumu na Sirari watapewa mipini ya kushika. Maombi yangu kwa watakaowaajiri ni mawili. Wawafundishe kwa nini mpini ule upo, si namna ya kuubana tu. Na wawape mwenzao wa kupokezana, kwa kuwa kile kipande cha tyubu kilifungwa na uchovu, na uchovu huo kuna aliyeupanga katika ratiba.

Kwetu sisi abiria nina ombi moja. Siku nyingine ukiwa nyuma ya kioo na saa imekwisha kupita, ukamwona mtu amesimama kimya karibu na bawa, mkono mmoja umefumbata kitu, usidhani hafanyi kazi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwache aimalize kwa kipimo chake.

Mjomba alikwisha kututoka. Ile Land Rover imebaki fremu, na kuku wanatagia ndani. Lakini kila ninapofunga mkanda wa ndege huwa namsikia akiniambia ni nani hasa mwenye haraka.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia safari njema.