Mbweha wa Bristol na Mkate wa Jamu

Ukisikia mbweha unafikiria pori, usiku, na kuku kaibiwa. Uingereza mbweha ni jirani wa mjini. Miaka ya 1930 miji ilipotanuka, zilijengwa nyumba mbilimbili zilizounganishwa ukuta, kila moja na bustani yake nyuma. Naye akahamia: minyoo kwenye majani, makombo, pa kulala chini ya kibanda. Kodi hakudaiwa.

Bristol ndiko alikopendwa hasa. Watu wengi walimwekea chakula jioni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbweha walikuwa wamejaa mitaani. Watafiti wa chuo kikuu cha hapo walikuwa wakiwafuatilia tangu 1977, ndiyo maana tunajua kilichofuata. Mwaka 1994 upele uliingia. Katika miaka miwili hivi, zaidi ya asilimia 95 walikufa.

Upele wenyewe tunaujua. Utitiri wake, Sarcoptes scabiei, ni wa jamii ileile inayotukunisha sisi bwenini. Hutoboa ngozi akataga mayai humo. Mbweha hujikuna mpaka manyoya yakaisha, ngozi ikafanya magamba, macho yakaziba. Kuwinda hawezi tena, anakonda, anakufa.

Huko Uingereza wanaowalisha wamegeuka waganga. Mbweha hashikiki kirahisi, basi dawa hufichwa ndani ya mkate wa jamu au asali. Wengine hutia matone ya homeopathi, ambayo kwangu ni maji matupu. Wengine hutia ivermectin, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani, ileile ambayo tangu 1987 hutolewa bure Afrika kuzuia upofu wa usubi. Hiyo inaua utitiri kweli. Lakini nani kaula ule mkate? Dozi hufuata uzito, na mbwa wa aina ya collie akiuokota anaweza kufa. Halafu mbweha aliyepona anarudi kulala na wenziwe wenye upele, na kuwashwa kunaanza upya.

Mimi naona sahani ile ya jioni ilifanya kazi mbili: iliwanenepesha, na iliwasogeza karibu karibu, utitiri ukapata njia. Ila siwezi kumcheka mama anayemwona kiumbe uchi kwenye baridi, akaenda kupaka jamu.

Wachache waliobaki Bristol walipanua maeneo yao, wakazunguka peke yao mitaa ya marehemu. Ilichukua miaka mingi wakaanza kujaa tena.