Dhamiri ya karani na muhuri wa wote



Tarehe 26 Juni 2015, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kufunga ndoa ya kiserikali katika majimbo yote. Hukumu ilitolewa Washington, lakini mzigo wake uliwaangukia makarani wa wilaya wanaotoa vibali vya ndoa. Katika wilaya ya Rowan, jimbo la Kentucky, karani Kim Davis, Mkristo wa kanisa la Kipentekoste aliyechaguliwa na wananchi, alisema kuwa imani yake haimruhusu kuweka jina lake juu ya kibali cha namna hiyo. Aliacha kutoa vibali kwa wachumba wote, akawakataza na wasaidizi wake.

Tarehe 3 Septemba hakimu alimtia gerezani kwa kukaidi amri ya mahakama. Wasaidizi wakaanza kutoa vibali, naye akafunguliwa baada ya siku 5, kwa sharti asiwazuie.

Mwezi huohuo Papa Fransisko alizuru Marekani. Davis alimsalimu katika ubalozi wa Vatikano, na wengine wakatangaza kuwa Papa amemwunga mkono. Vatikano ikaeleza kwamba salamu hiyo haikuwa kukubali msimamo wake wote. Hata hivyo, ndani ya ndege ya kurudi Roma, Papa alikuwa amesema, bila kuhukumu kesi ya mtu yeyote, kwamba kukataa kwa ajili ya dhamiri ni haki ya binadamu, hata kwa mtumishi wa serikali.

Kauli hizo mbili hazipingani. Dhamiri ya karani ilistahili kulindwa. Ndiyo maana mwaka 2016 Kentucky iliondoa jina la karani katika fomu, na kazi ikaendelea. Bali kuwazuia wasaidizi kulikuwa jambo jingine: hapo dhamiri ya mmoja iligeuzwa amri juu ya wote. Mtakatifu Thomas More, msimamizi wa wanasiasa, aliposhindwa kufuatana na mfalme Henry VIII, alijiuzulu ukansela mwaka 1532. Alirudisha muhuri, hakuukalia.

Kwetu Kongo, Katiba katika kifungu cha 40 inatambua ndoa ya mume na mke, kama Kanisa linavyofundisha. Lakini Katekisimu inayotufundisha hivyo ndiyo inayotuagiza pia kuwapokea kwa heshima watu wenye mwelekeo wa jinsia moja, bila kuwabagua isivyo haki. Nao ni raia: wanahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, ulinzi wa polisi. Mlei anayeketi katika ofisi ya komini haombwi kuiacha imani yake mlangoni. Anaombwa akumbuke kwamba dhamiri ni yake, na muhuri ulio mezani ni wa watu wote.