Tabibu wa Bologna na Vifuko vya Pumzi

Matabibu wa kale, kwa kumfuata Galen, walishika kwa karne nyingi itikadi ya kuwa damu huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa kupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta ulio kati yake, na ya kuwa pafu ni nyama laini tu iliyoumbwa kwa damu. Aliyeikana kauli ya vile vitundu waziwazi ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyekuwa tabibu mashuhuri mjini Kairo, ambaye katika sharhi yake juu ya Kanuni ya Ibn Sina, aliyoiandika mnamo mwaka 1242, alisema kwamba ukuta ule ni mzima, na kwa hiyo damu haina budi kupita mapafuni, ikachanganyike na hewa, kisha irejee upande wa kushoto wa moyo. Alilifikia hilo bila hadubini, kwa akili iliyokataa kukubali neno kwa ajili ya ukubwa wa jina la aliyelisema, na kwangu mimi hiyo ndiyo fadhila kuu katika habari hii yote. Sharhi hiyo wataalamu wa zama zetu hawakuijua hata mwaka 1924, tabibu mmoja wa Kimisri alipoikuta nakala yake Berlin.

Mwaka 1628, ndio mwaka ambao Mwingereza William Harvey alitoa kitabu cha kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini, alizaliwa karibu na Bologna, nchini Italia, Marcello Malpighi. Harvey aliacha swali moja bila jawabu: damu ikifika mwisho wa mishipa itokayo moyoni, huingiaje katika mishipa irudiyo?

Malpighi alilichukua pafu la mnyama, akapitisha maji katika mishipa yake mpaka wekundu wote ukatoka likawa jeupe, kisha akalipuliza hewa kwa njia ya pumzi, akalianika likakauka. Na alipolitazama mbele ya mwanga wa jua, ile iliyodhaniwa kuwa nyama ikadhihirika kuwa ni vifuko vidogo vidogo vyenye kuta za utando, vilivyopangana mfano wa masega ya nyuki, na vyote vikipokea hewa kutoka katika ncha za matawi ya pumzi. Hata hapo bado alidhani ya kuwa damu humwagika katika nafasi tupu kabla ya kukusanywa tena. Aliyemtoa katika dhana hiyo ni chura, kwa kuwa pafu la chura ni mfuko mwepesi ambao kuta zake hupitisha mwanga, na ndani ya kuta hizo tabibu yule, baada ya kuwapasua vyura wengi mno, aliona vishipa vyembamba kupita kiasi vikiunganisha mishipa ya kwenda na ya kurudi, na damu haitoki nje ya vishipa hivyo kamwe. Alimwandikia habari hizo rafiki yake Giovanni Alfonso Borelli katika nyaraka mbili zilizochapishwa Bologna mwaka 1661.

Kazi ya vifuko hivyo hakuijua sawasawa, maana oksijeni ilikuja kufahamika zaidi ya miaka mia moja baadaye. Leo twajua ya kuwa mtu mzima ana vifuko vipatavyo milioni 300 au zaidi, na upana wa kimoja ni kama robo ya milimita.

Ikabakia hoja moja iliyowagawa wanazuoni muda mrefu: je, ukuta wa kifuko umefunikwa kwa utando wake wenyewe, au vishipa vya damu viko wazi mbele ya hewa? Hadubini ya nuru haikuweza kuikata, kwa kuwa ukuta wote, pale ulipo mwembamba, haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1952 Mmarekani Frank Low, kwa hadubini ya elektroni, alionyesha kuwa utando upo, nao ni mmoja usiokatika popote, hata oksijeni ya kila pumzi hulazimika kuupenya huo kwanza, kisha ukuta wa kishipa, ndipo iifikie damu.