Fundi wa kandarasi, dai cheti cha kodi ya zuio

Fundi wa Kitengela aliyepewa kandarasi ndogo ya ujenzi ya shilingi 200,000 huweza kupokea 194,000 tu. Hizo 6,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 3, ambayo anayemlipa hukata na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Hayo ni malipo ya awali, si kodi ya mwisho. Fundi huwasilisha ritani kupitia iTax kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kodi yake halisi ikiwa chini ya aliyokatwa, ana miaka 5 ya kuomba arejeshewe iliyozidi. Asiye na cheti cha zuio huenda pesa zake hazikufika KRA. Akidai mapema, mkandarasi angali karibu.